Bustani ya Mboga Katika Udongo wa Chokaa na Magadi

Katika pande zetu za Buhare, na katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, huenda mama akalima bustani yake vizuri, akapanda mbegu njema, akamwagilia asubuhi na jioni. Walakini majani ya mboga hugeuka manjano, miche hudumaa, na maharage hufa kabla ya kuzaa. Jirani mmoja husema, “Ardhi hii imechoka.” Mwingine hunong’ona ya kuwa ni mkono wa mtu. Wa tatu huleta jivu la jikoni na kulimwaga tele juu ya matuta, maana wazee wake walimfundisha ya kuwa jivu ni mbolea. Baada ya wiki chache mboga huzidi kuwa manjano, na watoto wa nyumba hiyo huendelea kula ugali kwa mboga haba.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa taratibu, maana mara nyingi ardhi hiyo haikuchoka, wala hapana aliyeiloga. Chakula cha mimea kimo ndani yake, tena pengine kimo kwa wingi. Lakini kimefungiwa kama nafaka katika ghala ambalo mlango wake umetiwa kufuli. Na jivu lile lililomwagwa kwa nia njema ni kufuli la pili.

ASIDI NA ALKALI NI NINI

Kila mtu amewahi kuonja ndimu, naye aijua ile ladha kali iumayo ulimi. Hiyo ndiyo asidi. Tena kila mtu amewahi kushika maji ya jivu, au magadi, au povu la sabuni, akasikia utelezi katika vidole. Hiyo ndiyo alkali. Vitu hivi viwili ni wapinzani: ukivichanganya, kimoja huuvunja ukali wa kingine.

Udongo nao una tabia hiyo. Kuna udongo wenye asidi, kuna udongo wenye alkali, na kuna udongo wa kati. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, aliyeitwa Sørensen, alitengeneza kipimo cha jambo hili, nacho huitwa pH. Kipimo hiki huhesabiwa kwa kawaida tangu 0 hata 14. Namba 7 ni ya kati. Chini ya 7 ni asidi, na juu ya 7 ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Hivyo udongo wa 8 umezidi ule wa 7 kwa alkali mara kumi, si kidogo tu kama namba zionekanavyo.

Mboga nyingi hupenda udongo ulio kati ya 6 na 7. Hata 7.5 nyingi huvumilia. Zaidi ya hapo taabu huanza.

KWA NINI UDONGO HAUFANANI

Mvua ndiyo fundi mkubwa wa mambo haya. Mahali penye mvua nyingi, maji hushuka chini ya ardhi mwaka hata mwaka, nayo huchukua chokaa na vitu vya jamii yake na kuvipeleka mbali. Basi udongo ubakio huwa wa asidi. Mahali penye mvua haba na jua kali, maji hayafiki mbali. Huvutwa juu tena na kukauka, nayo huacha chokaa na chumvi pale pale.

Tazameni Ziwa letu. Bukoba, upande wa magharibi, hupata mvua ya milimita kama 2000 kwa mwaka, na udongo wake mwingi ni wa asidi. Musoma, upande wa mashariki wa ziwa lile lile, hupata kadiri ya nusu yake tu. Kwa hiyo mwalimu aliyehamishwa kutoka Bukoba kuja kwetu asishangae akiona ya kuwa lililokuwa dawa kule limekuwa madhara huku. Kule jivu huupoza ukali wa udongo, na migomba hushukuru. Huku, katika udongo wa mbuga, jivu huongeza kile kilichokwisha kuzidi.

Hata katika kijiji kimoja udongo haufanani. Juu penye vilima vya mawe, udongo huwa wa mchanga mwekundu au wa kijivujivu. Chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya mfuatano huu wa udongo toka kilimani hata bondeni, akauita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Maana yake ni hii: maji yatokayo juu hubeba chokaa na chumvi, na kuvituliza chini. Ndiyo sababu mkulima wa bondeni akichimba mbuga hukuta mara kwa mara vijiwe vyeupe vidogo. Vijiwe hivyo ni chokaa.

Tena upande wa kusini na mashariki ya mkoa wetu kuna jambo jingine. Mlima wa Ol Doinyo Lengai, ulio karibu na Ziwa Natron, ndio mlima wa moto wa pekee duniani ulio hai utoao lava yenye magadi tele. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007. Majivu yake, pamoja na ya milima jirani iliyozimika, yaliifunika nyika ya Serengeti kwa muda wa maelfu ya miaka, na hata leo udongo wa nyika ile una alkali nyingi. Nyasi fupi humea kwa uzuri, na nyumbu huzipenda. Lakini si kila mmea una tumbo la kuvumilia kama nyasi.

MAJANI YA MANJANO YASEMA NINI

Alkali ikizidi, madini ya chuma hugeuka kuwa kitu mfano wa kutu, kisichoyeyuka katika maji. Na mizizi haina meno; hunywa tu kilichoyeyuka. Wataalamu wametueleza ya kuwa kila pH ipandapo hatua moja, chuma kiyeyukacho hupungua kadiri ya mara elfu moja. Zinki na manganizi hufuata njia hiyo hiyo kwa kiasi chake, na fosfati hushikamana na chokaa.

Basi mwenye bustani na ajifunze kusoma majani, kama mwalimu asomavyo nyuso za watoto darasani. Ikiwa majani machanga ya juu yamekuwa ya manjano, na mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito, mmea una njaa ya chuma. Hiyo ndiyo dalili kubwa ya alkali. Lakini ikiwa majani ya zamani ya chini ndiyo yaliyotangulia kuwa manjano, tena jani zima pamoja na mishipa yake, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na dawa yake ni samadi. Na mahindi yakitoa mistari mipana myeupe kandokando ya mshipa wa kati wa majani machanga, huenda zinki imepungua. Magonjwa haya matatu hayana dawa moja, nayo huchanganywa kila siku.

KUPIMA UDONGO NYUMBANI

Yako majaribio matatu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuyafanya.

Kwanza, chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu na kulia kama kitu kinachochemka, una chokaa. Usipolia, usiseme bado ya kuwa hauna alkali. Endelea na jaribio la pili.

Pili, tia bonge dogo kavu la udongo, ukubwa wa punje ya mahindi, katika bilauri ya maji ya mvua. Usikoroge, wala usitikise. Ngoja saa mbili. Bonge likivunjika vipande na maji yakabaki safi, ni heri. Lakini wingu kama maziwa likitanda kulizunguka bonge, udongo huo una sodiamu, yaani tabia ya magadi. Nao ni mgumu kutengenezwa kuliko ule wa chokaa tu. Udongo wa namna hii mvua inyeshapo hugeuka tope lisilopitisha maji, na jua liwakapo hukauka kama sakafu.

Tatu, tafuta kabichi ya rangi ya zambarau katika soko la mjini. Ikatekate, uichemshe katika maji ya mvua, uyaache yapoe. Koroga udongo katika maji mengine ya mvua, uache utuame, umimine yale maji safi ya juu, kisha tia ndani yake maji ya kabichi. Yakigeuka pinki, kuna asidi. Yakibaki zambarau, ni ya kati. Yakielekea samawati au kijani, kuna alkali. Ili kuhakikisha, weka kando bilauri moja yenye ndimu na nyingine yenye magadi, ulinganishe rangi.

Atakaye namba halisi na apeleke udongo wake kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, au Mlingano, mkoani Tanga. Uchukuliwe katika mahali kama kumi pa bustani, kwa kina cha sentimita 20, uchanganywe, uanikwe kivulini, kisha itwaliwe nusu kilo.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usitie jivu. Wasemao “dawa ya moto ni moto” hawakusema juu ya udongo. Jivu la kuni ni alkali kali, hata wazee walilitumia kutengeneza sabuni. Lina kazi nyingine njema: kuhifadhi mbegu za maharage zisitobolewe na wadudu, na kutiwa chooni. Kadhalika usitie chokaa, wala maganda ya mayai, wala vifusi vya nyumba vyenye saruji.

Usinunue mbolea kwa kusikia jina lake tu. Unga wa mawe ya fosfati ya Minjingu, uchimbwao karibu na Ziwa Manyara, ni mali njema ya nchi yetu. Lakini ukiwa unga mtupu huhitaji asidi ya udongo ili uyeyuke. Mkulima mwenye udongo wa asidi hufaidiwa nao. Wewe mwenye chokaa utakuwa umefukia fedha.

Usijaribu kuishinda chokaa kwa nguvu. Wako wamwagao siki, na wako wanunuao salfa. Salfa huleta asidi kweli, lakini fanyeni hesabu: kumaliza kilo 100 za chokaa hutaka salfa kilo 32. Na udongo wenye chokaa sehemu moja tu katika mia, ukihesabu kina cha sentimita 20, una chokaa zaidi ya kilo 2 katika kila mita moja ya mraba. Basi mita moja hutaka salfa zaidi ya nusu kilo, na bustani nzima itataka magunia. Salfa yafaa pale tu ambapo udongo haukutoa mapovu kwa ndimu.

MAMBO YA KUFANYA

Hekima si kuubadili udongo wote, bali kuifungua ile kufuli karibu na mizizi. Ufunguo wake ni uozo, yaani samadi na mboji. Vitu vya mimea vikioza huzaa asidi hafifu. Tena hushika chuma na zinki kwa namna ambayo mizizi huweza kuzipata. Hakuna mbolea ya dukani ifanyayo kazi hizi zote kwa pamoja.

Fanya lundo la mboji lenye upana wa mita moja na nusu, mahali penye kivuli. Weka tabaka la mabua na nyasi kavu, kisha majani mabichi, kisha samadi ya ng’ombe au mbuzi, kisha udongo kidogo. Rudia hivyo hata lifike kimo cha kifua. Lakini tabaka la jivu, ambalo vitabu vingi huliagiza, liache. Nyunyiza maji, funika kwa nyasi, na baada ya wiki tatu ligeuze. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, lenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Tia debe moja kwa kila mita mbili za mraba, kila msimu, bila kuchoka. Mwaka wa kwanza utaona tofauti kidogo. Mwaka wa tatu jirani atakuja kukuuliza. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika mbuga, inua matuta yenye upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20 hata 30, ili maji ya mvua yapite na kuondoa chumvi, yasisimame. Funika matuta kwa nyasi kavu. Ardhi iliyo uchi hukaushwa na jua, na maji yapandapo huleta chumvi juu. Ile iliyofunikwa hupumzika.

Angalia pia maji yako. Birika likifanya ukoko mweupe ndani, maji hayo yana chokaa, na kila umwagiliapo waiongeza bustanini. Maji ya mvua yaliyokingwa na bati ni bora kuliko yote, na maji ya Ziwa hayana chokaa nyingi kama ya visima vingine.

Ukiwa na fedha ya mbolea, chagua salfeti ya amonia, ambayo madukani huitwa SA, maana huelekea asidi. Lakini ifukie na kuimwagilia mara. Ikiachwa juu ya udongo wa alkali, naitrojeni yake huruka kama hewa, nawe utaisikia harufu yake puani. Miche ya thamani ikiwa na njaa ya chuma, yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma katika lita moja ya maji na kunyunyizia majani jioni. Hiyo ni dawa ya haraka, si matibabu ya udongo.

Ikiwa jaribio la bilauri lilionyesha wingu la maziwa, dawa yake ni jasi, ambayo huchimbwa nchini kwetu, kama vile Makanya katika wilaya ya Same. Jasi si chokaa, ingawa rangi zao hufanana. Tia nusu kilo hata kilo moja kwa kila mita ya mraba kabla ya mvua, ichanganye na udongo, na uchimbe mfereji ili maji yapate pa kutokea pamoja na sodiamu iliyofukuzwa. Pasipo mfereji, jasi ni kazi bure. Na asiyeweza gharama hiyo na ajaze mboji na udongo wa kilimani katika gunia, apande mboga juu na ubavuni. Gunia moja lililotunzwa huipa nyumba majani ya kutosha mboga za mara kwa mara.

MBOGA ZIPASAZO

Mgeni humchagua mwenyeji, na mboga huchagua udongo. Zivumiliazo alkali ni kabichi, sukuma wiki, mchicha, bamia, bitiruti, na ile spinachi ya majani mapana. Bitiruti na spinachi hiyo ni ndugu. Asili yao ni mmea wa mwitu wa pwani za Ulaya, ndiyo sababu hata chumvi haiwatishi. Kabichi nayo hupata faida moja: ugonjwa wa uvimbe wa mizizi hauipendi alkali.

Zipatazo taabu ni maharage, karanga, viazi vitamu, na miche ya ndimu na machungwa. Viazi mviringo hufanya upele wa ngozi. Vitunguu na karoti huogopa chumvi. Hatusemi zisipandwe kabisa; zipandwe upande wa kilimani, au katika shimo lililojazwa mboji. Na karanga zipandwe pamoja na mahindi: wataalamu nchini China walionyesha ya kuwa mizizi ya mahindi hutoa kitu kinachoyeyusha chuma, na karanga iliyo jirani hufaidika, majani yake yakarudi kijani.

Asidhani mtu ya kuwa udongo wa alkali umelaaniwa. Maji ya Ziwa letu hutoka Jinja, hufuata Mto Nile hata Misri. Na huko Misri udongo wa bonde ni wa alkali, lakini umelisha watu kwa maelfu ya miaka, na mboga zake hujaza masoko. Kule Unguja, penye mawe ya matumbawe ambayo ni chokaa tupu, wakulima hupanda katika vishimo vilivyokusanya udongo na majani yaliyooza. Hawakuushinda mwamba, walitafuta mahali ulipoachia nafasi.

Neno moja kwa mama wa nyumbani. Mboga iliyopatikana kwa taabu hii isiharibiwe jikoni. Magadi yatiwayo chunguni hulainisha majani na kuyatunza rangi, lakini huharibu baadhi ya vitamini zake. Pika kwa maji kidogo, kwa muda mfupi, pasipo magadi.

NENO KWA WAALIMU

Tungefurahi kuona katika kila bustani ya shule matuta mawili yaliyo sawa, yenye mbegu moja na maji kipimo kimoja: la kwanza litiwe mboji peke yake, la pili mboji na jivu. Watoto wapime kimo cha miche kila Ijumaa na kuandika katika daftari, wakitazama pia rangi ya majani machanga. Msiwaambie mapema lipi litashinda. Mtoto aliyeona kwa macho yake atakwenda nyumbani na kumweleza mama yake, na mama atalisikia neno la mwanawe kuliko la mgeni.

Basi kabla hujatia kitu chochote katika bustani yako, twaa ndimu moja na bilauri moja ya maji ya mvua, uulize udongo kwanza. Kazi hiyo ni ya saa chache tu, na yaweza kukuokolea jasho la msimu mzima.